Fungu la Asiyekuwapo

Bi Khairiya Mansour alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita alipoanza kumtunza Bi Hsu wa Sugar Land, na katika siku tatu za mwanzo wanawake hao wawili hawakusemezana zaidi ya maneno ishirini. Hapakuwa na ubaya wowote kati yao. Kila mmoja alikuwa amekuja Texas na lugha yake, na Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha dukani na hospitalini: kilitosha kuuliza bei, kutaja mahali panapouma na kushukuru. Baada ya hapo kilikwisha, na nyumba ikabaki na sauti ya friji.

Siku ya nne Bi Khairiya alikuja na kinu chake kidogo cha mti, kile alichokitoa Unguja ndani ya sanduku la nguo, kwa sababu chai ya nyumba ile ilikuwa imemshinda. Alimenya tangawizi, akaikatakata, akaanza kutwanga. Bi Hsu, aliyekuwa amekaa mezani akitazama nje, aliinua kichwa. Akanyanyuka polepole, akaenda kwenye kabati la vioo, akarudi na sahani ya kaure iliyochorwa kwa rangi ya buluu. Katikati ya sahani, chini ya mti, alisimama sungura kwa miguu miwili, ameshika mchi mbele ya kinu. Bi Hsu alimwonyesha kidole sungura, kisha akamwonyesha Bi Khairiya, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Alieleza kwa Kiingereza chake cha vipande vipande kwamba sungura huyo anaishi mwezini. Anatwanga dawa ya kutokufa. Ametwanga miaka elfu na elfu, na dawa bado haijawa tayari.

Bi Khairiya aliitazama sahani kwa muda. Sungura alikuwa akimjua tangu utotoni, lakini hakuwa huyu.

"Sungura wa kwetu hatwangi," akasema. "Sungura wa kwetu humtwangisha fisi, halafu unga akaula yeye."

Bi Hsu aliuliza fisi ni nani. Akaambiwa ni mnyama kama mbwa, mabega makubwa, nyuma amekatika, na akili hana. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwa utulivu kwamba mwalimu mkuu wake wa zamani alikuwa hivyo hivyo.

Ndivyo Bi Khairiya alivyojua kwamba mgonjwa wake alikuwa mwalimu. Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Hsu alisomesha fasihi ya kale katika shule ya wasichana kule Tainan, hadi mumewe, mhandisi wa mafuta, alipopata kazi Houston. Mume alikuwa amekwisha kufa. Mwana wao wa pekee, Wenhao, alikuwa California. Majirani wa Kichina walipopita kumjulia hali walimwita kwa neno lenye maana ya mwalimu, basi Bi Khairiya naye akaanza kumwita Mwalimu, kwa Kiswahili, na Bi Hsu akaitika kama aliyeitwa hivyo tangu azaliwe. Yeye jina la Khairiya lilimshinda, alisema Kaili.

Maradhi ya kusahau yalikuwa yameanza kumla mama yule kutoka karibu kwenda mbali. Hakukumbuka alichokula asubuhi, wala hakukumbuka kwamba gari la mumewe liliuzwa zamani. Lakini hadithi zenye umri wa miaka elfu mbili zilikuwa zimekaa ndani yake bila doa, na chai ya tangawizi ilipowekwa mezani zilianza kutoka. Alisimulia juu ya mpiga mishale aliyeyaangusha majua tisa kati ya kumi ili dunia isiungue, akapewa dawa ya kutokufa, na juu ya mkewe aliyeinywa dawa hiyo peke yake akapaa hadi mwezini, ambako anakaa katika jumba la baridi na sungura yule. Alisimulia juu ya wasomi maskini waliolala katika mahekalu yaliyobomoka wakaoa wanawake wasiokuwa na kivuli. Alisimulia juu ya mungu wa jikoni, ambaye kila mwisho wa mwaka hupanda mbinguni kupeleka habari za nyumba, na watu wakampaka asali midomoni ili aseme matamu tu.

Bi Khairiya alivuta astaghfirullahi kimoyomoyo, kisha akaomba aendelee. Kuhusu mungu wa jikoni alisema kwamba kwao Unguja wangempa halua, midomo ikagandana kabisa.

Kisa cha mke wa mpiga mishale kilimsumbua zaidi. Siku moja Mwalimu alisema mwanamke yule aliiba dawa kwa tamaa. Siku nyingine akasema aliinywa kwa sababu mwizi aliingia nyumbani, na hakuwa na njia nyingine ya kuizuia isiangukie mikono mibaya. Bi Khairiya aliuliza ipi ni ya kweli.

"Nilipokuwa na mume niliamini ya kwanza," Mwalimu akajibu. "Sasa naamini ya pili."

Jioni ile, akiendesha gari kurudi Stafford, Bi Khairiya aliliwaza jibu hilo njia nzima.

Yeye alikuwa mjane wa mwaka wa tatu. Marehemu Abdulhafidh ndiye aliyepata viza ya bahati nasibu. Walikuja Houston na binti yao mmoja, Nuha, naye mume akaendesha gari la abiria wa uwanja wa ndege hadi moyo ulipomsimama asubuhi moja kwenye foleni ya teksi. Nuha alikuwa ameshahamia Grand Prairie kwa kazi ya uuguzi, mwendo wa saa nne kwa gari. Fleti ya Stafford ikabaki na mtu mmoja. Bi Khairiya alijaribu kujifunza kupika wali wa mtu mmoja, lakini mkono wake ulizoea vipimo vya watu watatu, na sufuria ikalala na wali wa jana siku nne mfululizo. Wakati mwingine jioni aligundua kwamba neno pekee la Kiswahili alilolitamka tangu alfajiri ni "haya" aliyomwambia paka wa jirani. Alimtumia Nuha ujumbe wa sauti kila usiku. Nuha alijibu kwa Kiingereza, kwa maandishi, kwa ufupi.

Kwa hiyo meza ile ya Sugar Land ikawa kwake zaidi ya kazi. Alipochelewa dakika kumi kwa ajili ya foleni alimkuta Mwalimu amesimama dirishani. Hapakuwa na dirisha jingine duniani ambalo mtu alisimama kumngojea. Alipomweleza Nuha hayo, Nuha akamwambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba yule ni mgonjwa wake na si shoga yake, na kwamba kwenye kazi hizi mtu akijifunga roho ataumia. Bi Khairiya akajua binti yake amesema kweli, na hakubadilisha kitu.

Yalikuwapo mambo mawili katika kiangazi kile ambayo baadaye aliyarudia sana kichwani.

La kwanza lilikuwa la mtandio. Ijumaa moja ya mwezi wa sita alikwenda kazini amejitanda mtandio mpya, mweupe pepe. Mwalimu alipomfungulia mlango uso ulimbadilika. Aliuliza nani amekufa. Bi Khairiya akasema hakufa mtu. Mwalimu akauliza tena, na mara ya tatu akamshika mikono yote miwili, machozi yakimlenga. Mwisho wa siku, kwenye ripoti ya simu ambayo kampuni iliwataka wahudumu waijaze, Bi Khairiya aliandika kwamba mgonjwa leo alichanganyikiwa kidogo.

La pili lilitokea mwezi wa nane. Mwalimu aliweka bakuli la wali na samaki mbele ya kiti kitupu, akasema ni la mumewe, kwani katika mwezi ule wa kalenda yao wafu hurudi wakiwa na njaa. Walingoja kama nusu saa. Kisha Mwalimu akalisukuma bakuli upande wa Bi Khairiya, akamwambia ale.

"Na yeye?"

"Ameshashiba. Wafu hunusa tu, Kaili. Anayemaliza sahani ni mzima."

Bi Khairiya alikula, kwa sababu samaki alikuwa amempika mwenyewe na alimjua. Lakini kilikuwapo chakula kimoja cha nyumba ile asichoweza kukila, nacho kilikuwa keki za mwezi. Sikukuu yao ya mwezi mpevu wa vuli ilipokaribia, Wenhao alituma boksi baada ya boksi. Keki hizo ni nzito, za mviringo, zimepigwa muhuri wa maua juu, na ndani mna kiini cha yai lililotiwa chumvi. Desturi ni kwamba nyumba moja hula keki moja, ikikatwa mafungu kwa hesabu ya watu wa nyumba hiyo, na aliye mbali hukatiwa lake. Mwalimu alikuwa akisahau kwamba sikukuu haijafika, hivyo akakata keki karibu kila alasiri. Alikata manne: la mume, la Wenhao, lake mwenyewe, na la Kaili.

Mara ya kwanza alipohesabiwa, Bi Khairiya ilibidi ageukie sinki ajifanye anaosha kikombe. Kisha akasoma boksi, akakuta mafuta ya nguruwe. Hakuweza kula, na hakuweza kusema. Alilifunga fungu lake katika karatasi ya fedha akampelekea Orpa, Mkongo wa Uvira aliyemtunza Mwalimu siku za Jumamosi na Jumapili. Orpa alizipenda mno.

"Mutu aliyewaza kutia yai ndani ya gâteau, maman," alisema huku akitafuna, "iko nataka nimuone uso."

Wiki mbili kabla ya sikukuu Wenhao alipiga simu. Alizungumza kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kuliandika analotaka kulisema. Alikuwa amezisoma ripoti za kiangazi chote. Mara tisa mama yake alikuwa ameandikwa kuwa amechanganyikiwa. Alisema atakuja siku yenyewe ya sikukuu, ajionee kwa macho yake. Akimkuta mama ametulia na nyumba iko sawa, mambo yatabaki yalivyo. La sivyo, yapo makao ya wazee karibu na kazini kwake, na ameshaweka jina.

Bi Khairiya aliweka simu chini. Mara tisa. Aliandika yeye, kwa mkono wake, na moja ilikuwa ile ya mtandio.

Tangu hapo hakuwa na fikra nyingine. Wenhao akiridhika, Mwalimu atabaki kwenye meza yake na kabati lake la vioo. Asiporidhika, atapelekwa mahali ambapo hakuna mtu atakayejua kwamba chai ikiwa na tangawizi hadithi hutoka. Akafua mapazia. Akasugua bafu. Akamkata Mwalimu kucha, akamwosha nywele, akamnyooshea sweta jekundu ambalo mwenyewe alilipenda. Kila siku alimkumbusha kwamba Wenhao anakuja.

Mwaka ule sikukuu iliangukia Ijumaa. Bi Khairiya aliona hiyo ni ishara njema, na ndipo alipoamua kumpokea mgeni kama anavyopokewa mgeni nyumbani kwao.

Nyumba ya Mzanzibari inayongojea mtu wake kutoka mbali haikosi harufu. Siku Abdulhafidh aliporudi Hija, mama yake alifukiza udi tangu mlangoni hadi chumbani na kumvisha koja la asumini shingoni. Wenhao alikuwa ameondoa viberiti vyote na kila kitu cha kuwashwa ndani ya nyumba ile, akiogopa mama asije akaiunguza. Lakini Bi Khairiya alikuwa na chetezo cha umeme, kisichokuwa na kaa wala moto, ambacho Nuha alimnunulia kwa Idi. Asumini alizichuma alfajiri ukutani kwa jirani yake Stafford, akazitunga kwa uzi na sindano hadi vidole vikanukia. Adhuhuri, Mwalimu akiwa amelala, aliitoa picha ya Wenhao chumbani, ile ya siku ya kuhitimu chuo, akaipanga katikati ya kabati la sebuleni. Akaifuta kioo. Akaitundikia koja lile jeupe juu ya fremu. Mbele yake akaweka chetezo, akatia kipande cha udi, na moshi ukaanza kupanda taratibu usoni pa kijana yule anayetabasamu. Alirudi nyuma hatua mbili, akatazama. Palipendeza.

Saa tisa na nusu alimwosha Mwalimu, akamvisha sweta jekundu, akamshika mkono kumleta sebuleni.

Mwalimu alisimama ghafla kizingitini. Pua yake ilitangulia kuliko macho. Kisha akaiona picha, na maua, na moshi. Hakupiga kelele. Mkono wake ndani ya mkono wa Bi Khairiya ulikuwa baridi mara moja, kama ulioingizwa katika ndoo ya maji.

"Kaili," akasema. "Lini?"

Bi Khairiya alifurahi kwamba amekumbuka. "Leo," akajibu. "Saa kumi."

Mwalimu alitikisa kichwa pole pole, akakubali. Akauachia mkono, akavua sweta jekundu, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. Akaenda chumbani. Aliporudi alikuwa amejifunika foronya nyeupe kichwani, na akapiga magoti juu ya zulia mbele ya kabati. Bi Khairiya alimshika mabega akamwambia ainuke, Wenhao anakuja, sweta livaliwe, wakati hakuna. Mwalimu hakuinuka. Alikuwa akilia bila sauti, mdomo wazi, kama watu wanavyolia wakiwa mbali na watu.

Simu ikalia kwa ujumbe: kulikuwa na radi, ndege imechelewa, atafika saa kumi na moja na nusu. Bi Khairiya alimwonyesha Mwalimu simu. Mwalimu hakutazama. Ilipogonga saa kumi aliinama hadi paji la uso likagusa zulia.

Katika saa moja na nusu iliyofuata Bi Khairiya alijaribu kila alichokijua. Alitwanga tangawizi kwa kishindo, Mwalimu hakugeuka. Alimwimbia. Alimuuliza habari za sungura, na Mwalimu akajibu bila kumtazama kwamba sungura anatwanga, anatwanga, na dawa haimfikii mtu yeyote kwa wakati. Kisha akauliza kwa nini mtoto ametangulia mama. Bi Khairiya alidhani maradhi yamepanda. Alifikiri: siku zote mia tatu, na ni leo. Na kwa kuwa alitaka nyumba inukie vizuri mgeni atakapoingia, aliongeza udi.

Wenhao alikuwa na ufunguo wake. Aliingia na begi begani, shati limelowa mvua, akaita. Mwalimu aliinua uso kutoka zuliani. Alimwona, na wala hakushtuka. Alimtazama kwa upole mkubwa, kama mtu anayemtazama mwanafunzi aliyekuja kuaga, akamsemesha kwa lugha yao, maneno machache. Wenhao alisimama pale pale. Macho yake yalihama kutoka kwa mama kwenda kwenye picha, kwenye koja, kwenye moshi.

"Nani ameweka hivi?" akauliza kwa Kiingereza.

"Mimi," Bi Khairiya akasema. "Kukukaribisha."

Wenhao aliweka begi chini. Halafu akamweleza, na hakupandisha sauti, kwamba kwao picha yenye maua meupe na ubani mbele yake ni ya maiti. Kwamba mama yake amemwambia hivi punde asikawie njiani, na asiogope giza, baba yake yuko mbele.

Bi Khairiya alilitazama koja jeupe. Mtandio. Lini? Leo, saa kumi. Mwalimu hakuwa amechanganyikiwa hata dakika moja. Alikuwa ameisoma sebule ile kama kitabu alichokisomesha miaka thelathini, na alikuwa ameisoma sawasawa.

Bi Khairiya alichomoa waya wa chetezo ukutani. Akaivua picha koja. Wenhao alipiga magoti mbele ya mama yake akamshika mikono, akazungumza haraka haraka, akacheka ili aonekane hai. Mwalimu alimpapasa nywele zilizolowa akasema kitu. Wenhao akageuka na uso uliosawijika.

"Anasema nimelowa kwa sababu nimevuka maji ya wafu," akasema. "Haniamini. Nifanye nini?"

Bi Khairiya hakujua lugha yao, lakini hadithi zao alizijua, na zote alikuwa amezipata mezani pale. Alikwenda jikoni. Alirudi na keki ya mwezi kwenye sahani ya sungura, pamoja na kisu cha siagi, akaviweka mbele ya Mwalimu.

"Mwalimu, kata," akasema.

Mkono uliozoea ukakata. La mume. La Wenhao. Lake. La Kaili. Alilisukuma fungu la Wenhao mbele ya mwanawe kwa ncha ya kisu, kama alivyolisukuma bakuli la mwezi wa nane, akaanza kungoja, kama wanavyongojwa wafu.

"Kula," Bi Khairiya akamwambia Wenhao. "Kula lote. Usibakishe hata kombo."

Wenhao alimtazama, kisha akafahamu. Alilitia fungu mdomoni. Lilikuwa zito, na koo lake lilikuwa limekauka kwa safari na kwa hofu, akatafuna mashavu yamejaa, akakwama, akakohoa, akatafuna tena. Mwalimu alimtazama bila kupepesa. Wenhao alipomeza, aliyakusanya makombo kwa kidole akayala, akamwinamishia mama sahani aione. Mahali pa fungu lake palikuwa patupu. Sikio la sungura likaonekana.

Mwalimu alihesabu. Moja, mbili, tatu. Akahesabu tena. Aliinua mkono, akaushika utaya wa mwanawe, akaufungua kinywa chake kama mtu anayekagua meno ya mtoto, akachungulia ndani. Kisha akampiga kofi, si la nguvu, na akamkumbatia shingo, na safari hii kilio chake kilikuwa na sauti. Foronya ilianguka.

Bi Khairiya aliiokota, akaenda kuitia kwenye mashine ya kufulia.

Waliketi mezani baadaye, watatu, mvua imekatika na mwezi umeanza kupanda juu ya paa la nyumba ya pili. Mwalimu alikuwa ameshalisahau jambo lote isipokuwa furaha yake. Aliziangalia sahani. Akauliza kwa nini Kaili hali. Bi Khairiya aliona hana tena cha kuficha siku ile, akasema kwamba ndani mna mafuta ya nguruwe na dini yake hairuhusu. Wenhao aliomba radhi sana. Mwalimu hakuelewa, au hakuridhika. Alilitazama fungu lile zima, akamtazama Bi Khairiya, akalitazama tena fungu, na mwisho akalifunga mwenyewe katika karatasi ya fedha, akambandikia mkononi.

Mlangoni, Bi Khairiya alianza kuomba msamaha kwa maneno aliyoyapanga. Wenhao alimkatiza.

"Nilidhani hata nikifa hatajua," akasema. "Ndiyo sababu nilikuwa siji."

Alisema lile jina kwenye makao ya wazee atalifuta. Bi Khairiya alishukuru Mungu kabla Wenhao hajamaliza. Kisha akamaliza: atamchukua mama akae naye nyumbani kwake.

Mwezi wa kumi na moja walikuja watu wa kuhamisha vyombo. Siku ya mwisho Bi Khairiya alitwanga tangawizi, wakanywa chai kwenye vikombe vya karatasi. Alikiacha kinu ndani ya begi la mkononi la Mwalimu, kati ya dawa na shali. Mwalimu naye, ambaye hakujua vizuri safari ni ya wapi, alikwenda kwenye boksi lililokwisha kufungwa, akamfanya Wenhao alikate utepe, akatoa sahani ya sungura, akamkabidhi Bi Khairiya. Gari lilipoondoka aliupunga mkono. Bi Khairiya hakuweza kujua kama anampungia yeye au nyumba.

Kampuni ilimpa mzee mmoja wa Missouri City ambaye alitazama besiboli siku nzima, na baada yake mama mwingine ambaye hakupenda watu waguse jiko lake. Aliwatunza vizuri. Hakuandika tena kwamba mtu amechanganyikiwa kabla hajamuuliza mara tatu. Alimsimulia Nuha habari za sungura wa mwezini katika ujumbe wa sauti wa dakika saba. Nuha alimrudishia alama ya dole gumba.

Mwaka uliofuata, siku tatu baada ya mwezi mpevu wa vuli, alikuta kifurushi mlangoni pa fleti. Ndani, katikati ya karatasi nyingi, mlikuwa na kitu kidogo kilichofungwa katika karatasi ya fedha, na barua fupi ya Wenhao. Mama hajambo, aliandika, ila sasa hazungumzi sana. Alikata keki mafungu manne. Nilimuuliza la nne ni la nani. Jina hakulikumbuka. Alisema ni la yule anayetwanga. Haina mafuta ya nguruwe, nimewauliza dukani mara mbili.

Fungu lilikuwa limekauka pembeni kwa safari. Bi Khairiya alilitia kwenye sahani ya kaure, akakaa mezani, akasema bismillahi. Alikula polepole. Yai lilikuwa na chumvi kuliko alivyotazamia, na utamu ulikuwa mzito, na alifahamu kwa nini Orpa alizipenda. Aliyaokota makombo yote kwa ncha ya kidole, moja moja, hadi sungura akabaki peke yake kwenye sahani na kinu chake.

Akaipiga picha sahani tupu, akamtumia Wenhao, amwonyeshe mama. Kisha akailaza simu mezani, kioo juu, akakaa akiitazama.